Je, Wajua? Walimwengu Wote Wangeenea Unguja

Mwaka 1968 mwandishi Mwingereza John Brunner alitoa riwaya kuhusu dunia ya mwaka 2010 na kuiita Stand on Zanzibar. Msomaji wa Unguja atakayeifungua akitarajia harufu ya karafuu atakata tamaa, maana hadithi inazunguka zaidi Marekani na katika nchi mbili za kubuni, moja ya Asia na nyingine ya Afrika. Kisiwa chetu kimo kwa sababu ya hesabu tu. Walimwengu wote wakisimama bega kwa bega, watahitaji kisiwa cha ukubwa gani? Mwanzoni mwa karne ya 20 wangeenea Isle of Wight, kisiwa kidogo kusini mwa Uingereza. Brunner alipokuwa akiandika, walihitaji Isle of Man. Ikifika 2010, akakadiria, watakuwa bilioni 7 na hapatawatosha ila Unguja. Umoja wa Mataifa ulitangaza kutimia kwa bilioni 7 Oktoba 2011. Kwa mtunzi wa hadithi za kubuni, kukosea kwa mwaka mmoja si haba.

Novemba 2022 tulifika bilioni 8, basi turudie hesabu. Unguja ina kilomita za mraba 1,550 hivi, yaani mita za mraba bilioni moja na nusu na ushei. Kila mita ya mraba ingebeba watu watano. Hapo ni pabaya: wanaosimamia usalama wa mikusanyiko wanajua kwamba watu wakifika watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hajiendeshi tena, kundi ndilo linalomwendesha. Aliyeko Nungwi akipiga chafya, wa Makunduchi angeyumba. Tukiongeza Pemba wanashuka hadi watatu na kidogo, na walau mtu anaweza kujikuna.

Mabara yote yangebaki matupu. Kwa hiyo anayesema dunia imejaa ana kazi ya kueleza imejaa wapi. Msongamano wa watu hupatikana kwa kugawa idadi ya watu kwa ukubwa wa eneo, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Lakini jibu linategemea mpaka umechorwa wapi, watu wamehesabiwa saa ngapi, na ardhi yenyewe inatoa nini. Ndani ya hayo matatu ndimo yanamojificha maajabu mengi.

Je, wajua kuwa Unguja ni visiwa viwili katika kimoja?

Sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar na watu 1,889,773, wastani wa watu 768 kwa kila kilomita ya mraba. Wastani huo haupo mahali popote. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 katika kilomita za mraba 230, karibu 3,900 kwa kila kilomita. Kusini Unguja, mkoa wenye eneo kubwa karibu mara nne, ulikuwa na watu chini ya laki mbili, yaani 230 hivi kwa kilomita. Kutoka mmoja kwenda mwingine ni safari ya daladala.

Bandari na ajira zinaeleza sehemu ya jambo hilo, lakini ukichimba utakuta jiwe. Upande wa magharibi wa kisiwa una udongo wenye kina unaokubali mikarafuu, minazi na mihogo. Mashariki na kusini ni maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mchache uliojificha kwenye nyufa. Watu walifuata udongo kwanza, mji ukaja baadaye.

Je, wajua kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni kubwa kuliko Rwanda?

Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 na sensa yake ya 2022 ilihesabu watu 13,246,394, sawa na 503 kwa kila kilomita ya mraba. Hifadhi ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na wakazi wake ni tembo, viboko na mbwamwitu.

Hii inasaidia kueleza kwa nini Mkoa wa Lindi, wenye sehemu ya hifadhi hiyo, una watu 18 hivi kwa kilomita ya mraba ilhali Dar es Salaam ina zaidi ya 3,800. Ila tusiwe wepesi kudhani kwamba kusini kulikuwa pori tangu kuumbwa kwa dunia. Utupu ule una historia. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipoelekea ukingoni, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na kuharibu chakula mashambani, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka. Vichaka vikaleta wanyama, na wanyama wakaleta mbung'o, yule nzi anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa maeneo ya Liwale na kuwakusanya kwingine kwa hoja ya kuwaepusha na malale, na pori la akiba la Selous, ambamo Hifadhi ya Nyerere ilikuja kukatwa, likapanuliwa juu ya makazi yao ya zamani.

Magharibi mwa Tanzania mambo yalikwenda kwa mtindo huohuo, ila aliyeanza ni sotoka. Ugonjwa huo ulifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufyeka ng'ombe. Pasipo ng'ombe wa kula nyasi wala wachungaji wa kuchoma vichaka, miombo ilirudi pamoja na mbung'o wake. Mgeni anayepita leo kwa gari na kusifia pori lisiloguswa mara nyingi anasifia mahame.

Je, wajua kuwa shamba la Vihiga limesongamana kuliko Chongqing?

Chongqing nchini China hutajwa sana kuwa jiji kubwa kuliko yote duniani, lenye watu wapatao milioni 32. Ni kweli kwa karatasi. Mpaka wake wa kiserikali unazunguka kilomita za mraba 82,000, karibu ukubwa wa Austria, ndani yake mkiwa na milima, mabonde na mashamba ya mpunga. Gawanya, upate watu 390 hivi kwa kilomita. Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ilikuwa na watu 1,047 kwa kilomita ya mraba katika sensa ya 2019, na wengi wao ni wakulima wa mahindi, maharage na chai kwenye vipande vya ardhi vinavyozidi kupungua kila baba anapogawa urithi.

Kinshasa nayo iko hivyo. Kwa mipaka ya serikali jiji hilo lina karibu kilomita za mraba 10,000, lakini komuni moja tu ya Maluku inachukua zaidi ya robo tatu ya eneo lote, na sehemu kubwa yake ni nyika na mashamba. Anayeishi Ngaba au Bumbu akiambiwa wastani wa jiji lake atadhani amesomewa takwimu za mji mwingine.

Manila imepatwa na kinyume chake. Mpaka wake ni mdogo, kilomita za mraba 43 tu, kwa hiyo sensa ya 2020 iliipa watu zaidi ya 43,000 kwa kilomita na sifa ya kuwa miongoni mwa miji iliyosongamana kuliko yote duniani. Wangeiongezea vitongoji vinavyoizunguka, sifa hiyo ingepungua kwa siku moja bila mtu yeyote kuhama.

Je, wajua kuwa kisiwa cha wavuvi kinaweza kuishinda Manila?

Migingo, katika Ziwa Viktoria, ni mwamba wa mita za mraba 2,000 hivi, chini ya theluthi ya uwanja wa mpira. Sensa ya Kenya ya 2009 ilikuta watu 131 hapo. Ukiipeleka hesabu kwenye kilomita ya mraba unapata zaidi ya watu 65,000. Vibanda vya mabati vimebanana kuanzia ukingo hadi ukingo, na Kenya na Uganda zimewahi kunyukana kwa maneno makali kuhusu nani mwenye mwamba. Kinachowaweka watu pale ni sangara walioko majini kuzunguka kisiwa. Kando yake, mwendo mfupi kwa mtumbwi, kuna visiwa vikubwa kuliko hicho ambavyo havikujaa namna hiyo.

Migingo haina watu wengi. Ina mahali kidogo. Orodha za dunia za msongamano hujaa maeneo ya aina hiyo, kama Monaco yenye kilomita mbili za mraba, na binafsi naona hazitufundishi mengi.

Je, wajua kuwa Kibera iliwahi kupungua kwa watu laki nane usiku mmoja?

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera, Nairobi, ina watu hadi milioni moja na kwamba ndiyo makazi duni makubwa kuliko yote Afrika. Waandishi waliandika hivyo, mashirika yakarudia, watalii wakaja kuona. Sensa ya 2009 ilipofika ikahesabu watu 170,070.

Hakuna aliyehama. Idadi ya kwanza ilikuwa makisio yaliyozoeleka, na idadi kubwa ina mvuto wake kwa anayeomba msaada. Hata hivyo 170,070 katika eneo la kilomita za mraba mbili na nusu hivi ni msongamano mzito. Wakazi wake hawakuhitaji kuongezewa chumvi ili wastahili maji na vyoo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba sehemu ya Nairobi iliyosongamana zaidi ni Mathare, karibu watu 69,000 kwa kilomita ya mraba. Marsabit, kaunti kubwa ya kaskazini, ilikuwa na sita.

Je, wajua kuwa sensa huhesabu waliolala?

Karani wa sensa ya Tanzania ya 2022 alitaka kujua nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kenya nayo ilifanya hivyo usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019. Kwa hiyo msongamano tunaousoma ni wa usiku. Nani atasema Kariakoo ya saa nne asubuhi ina watu wachache? Lakini wenye maduka, wateja, machinga na wachukuzi wote hulala Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na kwingineko, na huko ndiko wanakohesabiwa.

Mfano uliokithiri ni City ya London, ile sehemu kongwe yenye mabenki. Mwaka 1801 walilala humo watu wapatao 128,000. Sensa ya 2021 ilikuta 8,600 hivi. Mchana huingia wafanyakazi zaidi ya laki tano. Kwa takwimu za usiku City inaonekana kama mtaa wa kawaida wenye nafasi. Kwa takwimu za saa sita mchana ingeingia katika orodha ya maeneo yaliyosongamana kuliko yote ulimwenguni.

Mina, bonde lililo karibu na Makka, halingoji mchana wala usiku, linangoja mwezi. Kwa siku chache kuanzia tarehe 8 Mfunguo Tatu, mahujaji hukaa humo katika mahema zaidi ya laki moja kwenye eneo la kilomita za mraba 20 hivi. Hija ya 2024 ilikuwa na mahujaji zaidi ya 1,800,000. Siku nyingine za mwaka mahema yale yamesimama bila mtu.

Je, wajua kuwa Manhattan imepungua?

Picha za maghorofa ya New York hutufanya tudhani kwamba watu wanazidi kurundikana. Mwaka 1910 kisiwa cha Manhattan kilikuwa na watu milioni 2.3. Mwaka 2020 walikuwa chini ya milioni 1.7. Wakati ule majengo mengi ya makazi yalikuwa na ghorofa tano au sita tu, lakini familia nzima za wahamiaji pamoja na wapangaji wao zilijibana katika vyumba viwili vitatu. Treni za chini ya ardhi, zilizoanza 1904, na madaraja ya kuvuka mito ziliwawezesha kuhamia Brooklyn, Bronx na Queens bila kuacha kazi zao. Siku hizi anayeishi peke yake juu angani anachukua nafasi ambayo zamani ingelaza watu wanane. Paris nayo ilikuwa na watu milioni 2.9 mwaka 1921, na sasa ina milioni 2.1 hivi.

Ghorofa ndefu, basi, si lazima iwe na maana ya watu wengi. Mahali palipowahi kubeba msongamano mkubwa kuliko wote unaojulikana hapakuwa na jengo la zaidi ya ghorofa 14. Kowloon Walled City, Hong Kong, ilikuwa na eneo la hekta 2.6 na mwaka 1987 ilikadiriwa kuwa na watu 33,000. Ingekuwa kilomita nzima ya mraba, wangezidi milioni moja na laki mbili. Majengo yalijengwa bila wasanifu yakaegemeana, vichochoro vya chini havikuona jua, na madaktari wa meno wasio na leseni walitibu watu kwa bei nafuu. Kilichozuia majengo yasipande juu zaidi ni ndege zilizokuwa zikishuka uwanja wa Kai Tak, hapo jirani. Serikali ilibomoa yote mwaka 1993 na 1994. Leo ni bustani.

Je, wajua kuwa Misri ina nafasi tele, na haina?

Misri ina kilomita za mraba milioni moja na watu zaidi ya milioni 100, yaani 100 na kitu kwa kilomita, idadi isiyomtisha mtu. Lakini asilimia 95 hivi ya Wamisri wanaishi kwenye asilimia 5 hivi ya ardhi, bonde na delta ya Mto Nile. Wanajiografia wanapotaka kuijua Misri hugawa watu kwa ardhi inayolimika peke yake, na jibu hupanda hadi maelfu.

Je, wajua kuwa Wakara walifuga ng'ombe shimoni?

Katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, kipo kisiwa cha Ukara. Maafisa kilimo wa Kiingereza waliofika huko miaka ya 1930 waliandika kwa mshangao. Kisiwa kilikuwa kimejaa watu kupita kiasi kwa vipimo vya Tanganyika ya siku zile, udongo wake ni wa kichanga na dhaifu, na bado walilima mashamba yaleyale mwaka hadi mwaka bila kuyapumzisha.

Siri ilikuwa kazi. Ng'ombe wa Mkara alikaa ndani ya nyumba, katika shimo, akiletewa majani na nyasi kwa mikono. Samadi ilirundikana shimoni hadi ikatolewa na kubebwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha wakaufukia uoze na kurutubisha udongo. Miti ilikuwa na wenyewe, hata ile ya majani ya kulishia mifugo, na ardhi iliuzwa na kununuliwa wakati ambapo bara, ng'ambo tu ya maji, mtu alipewa shamba akiomba.

Utamu wa habari hii uko kwa waliohama. Wakara waliovuka kwenda bara, kulikokuwa na ardhi tele, waliacha yale yote. Hakuna shimo, hakuna marejea. Walilima kwa kuhamahama na kuacha mashamba yapumzike kama majirani zao. Ujuzi walikuwa nao, ila hawakuwa na sababu ya kujichosha.

Mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, aliandika kitabu mwaka 1965 kueleza jambo la namna hiyo kwa upana. Thomas Malthus alikuwa ameonya tangu 1798 kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Boserup aligeuza: watu wakibanana ndipo hulima kwa bidii na maarifa zaidi. Machakos, nchini Kenya, ilimpa nguvu baadaye. Miaka ya 1930 wakoloni waliona milima ya Ukambani imemomonyoka kiasi cha kukatiwa tamaa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walikuwa wameongezeka karibu mara sita, na miteremko mingi ilikuwa imekatwa matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki ulionyesha kwamba mmomonyoko ulipungua watu walipoongezeka.

Nisieleweke vibaya. Machakos ilikuwa karibu na soko la Nairobi na ilikuwa na kahawa ya kuuza. Kubanana pasipo soko, barabara wala hati ya ardhi huzaa njaa na ugomvi wa mipaka, na watu wa Vihiga, Rwanda na vihamba vya Kilimanjaro wanalijua hilo vizuri. Boserup ana haki, lakini kwa masharti.

Na je, wajua Tanzania ingekuwaje?

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, karibu 70 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu. Tungebanana kama Rwanda tungekuwa zaidi ya milioni 440. Kama Bangladesh, yenye watu zaidi ya 1,100 kwa kilomita, tungekaribia bilioni moja. Na tungetawanyika kama Greenland, ambako watu 57,000 hivi wanamiliki zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, nyingi zikiwa barafu, Watanzania wote tungekuwa 23,000 tu: tungekaa pamoja katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na zaidi ya nusu ya viti vingekosa wa kuvikalia.